Maelekezo ya Mlango wa Tatu

Watu waliompiga shemeji yangu niliwafungulia geti mimi mwenyewe, nikawakaribisha, na mlango nikawaonyesha. Nalitanguliza hilo ili asije mtu akasema baadaye kwamba nimeficha.

Mimi ni msusi. Nyumba yetu ni ya vyumba vinane vimezunguka ua, na ofisi yangu ni huo ua: kigoda, mkeka, chanuo, na kichwa cha mtu katikati ya magoti yangu toka asubuhi mpaka jua lizame. Wanaosubiri wanasubiri kwa domo. Wapangaji wanapita na ndoo zao, watoto wanarukaruka juu ya miguu ya watu, na hakuna habari ya mtaa huu inayolala nje bila kupita kwangu kwanza. Ndivyo ninavyopenda. Nyumba tupu inanitia homa. Mume wangu ni dereva wa masafa marefu, anaonekana mara moja kwa mwezi kama mshahara, kwa hiyo nisipojaza watu uani nitaongea na kuta.

Chumba cha tatu kutoka getini ni cha mdogo wake mume wangu. Ni fundi viatu, na mtaa umembatiza Kisigino. Nilipoolewa nilimkuta anang'oka meno ya utoto, mama yao ameshatangulia. Nilimwogesha mimi, shule nikampeleka mimi, na alipovuka mipaka fimbo alikula kwangu. Kwa hesabu ya ukoo ni shemeji. Kwa hesabu ya moyo ndiye kifungua mimba wangu. Ananiita Shem.

Chumba chake ungekiona ungecheka. Kitanda kimoja, halafu viatu. Vya shule, vya ofisini, vya harusi, buti za walinzi, vimepandana mpaka vimeziba dirisha. Hana daftari. Kiatu akikipokea anakikumbuka kama sura ya mtu, na mwenyewe akitokea getini, kabla hajasema, Kisigino ameshanyoosha mkono kwenye lundo na kukitoa.

Sasa, mtu mwenye fundi viatu nyumbani kanunua viatu mtandaoni. Kisigino alinicheka wiki nzima, akasema nimenunua picha. Lakini vilikuwa vyeupe, soli nene, vya mtu anayesimama kutwa, na miguu yangu ilishaanza kunidai. Nililipa, nikasubiri. Wiki tatu, kimya.

Jumatatu moja ikaingia barua pepe kutoka dukani. Wanaomba radhi, mizigo imechelewa, na kwa kuwa mitaa mingi haina namba za nyumba, kila mteja awaandikie upya maelekezo ya kufika kwake: kituo gani, alama gani, geti rangi gani. Barua yenyewe haikuwa na neno. Neno lilikuwa kule juu. Aliyeituma alikuwa ameziweka wazi anwani za wateja wote, mia tatu na kitu, kila mtu anamwona mwenzake kama nguo kwenye kamba.

Wa kwanza kujibu alijibu wote: na yeye hajapata viatu. Akafuata wa pili, wa kumi, wa hamsini. Kufika jioni ilikuwa ni kijiwe. Jamani, nilistarehe. Nasuka, karani wa benki ambaye kichwa chake kiko mkononi mwangu ananisomea, na ua mzima unaangua kicheko. Kulikuwa na Mwalimu wa hesabu, anayeandika kwa vituo na mkato na kututajia asilimia ya waliotapeliwa. Kulikuwa na Mama Pacha, aliyeagiza jozi mbili za wanawe na sasa wanakwenda shule na kandambili. Na kulikuwa na Dobi, ambaye hakuwa na maneno mengi. Dobi alisema mtu asithubutu kutuma maelekezo ya kwake, maana mwizi haelekezwi nyumbani kwako, na wote tukaapa kwamba hakuna atakayetuma. Mimi niliapa kwa herufi kubwa.

Nilikuwa najulikana mle kwa jina la Msusi. Anwani yangu nilifunguliwa na muuza simu, ina jina la mpenzi wake na namba za kubahatisha, hivyo kilichonitambulisha ni kule kutia sahihi, Msusi, chini ya kila kichekesho. Na vichekesho vyangu vilipendwa. Siku ya Alhamisi watu walikuwa wanabishana mwenye duka akipatikana afanywe nini. Mwalimu akaandika kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, tukutane. Mimi nikajibu kwamba mkimpata msimpige kichwa, kichwa hakina kosa, vunjeni vidole, ndivyo vilivyopokea pesa. Watu zaidi ya arobaini walinijibu kwa kucheka. Uani walicheka pia. Kisigino mwenyewe alicheka, akiwa mlangoni kwake na kiatu mkononi.

Ijumaa jioni Dobi akaandika mara mbili. Kwanza akataja kibanda chake cha kupigia pasi, nyuma ya soko, bati jekundu, ili aliye tayari amkute pale. Kisha akauliza: anayejua duka liliko aseme, mengine atuachie.

Jumamosi asubuhi nilikuwa peke yangu kwa dakika kumi, jambo lisilo la kawaida, na miguu inawaka moto. Nikajiwazia mwenyewe kwamba huenda jamaa wa duka wakaleta kweli. Wenzangu wakatae, sawa, mimi nitawaelekeza kimyakimya, nani atajua? Nikaifungua ile barua ya Jumatatu nikaandika kwa kidole kimoja, vingine vina mafuta ya nywele: Shuka kituo cha mafuta, fuata ukuta mrefu mpaka mwisho, geti la bluu lenye tundu. Ingia, mlango wa tatu, kuna viatu mpaka dirishani, huwezi kupotea. Mwenyewe yupo siku zote. Nilitaka wamwachie Kisigino nikiwa nimetoka, basi. Sikusalimu, sikuweka jina. Nikabonyeza palepale nilipozoea kubonyeza wiki nzima. Palepale pa kujibu wote.

Ikatua chini ya swali la Dobi kama jibu lake.

Karani wa benki akaja kusukwa upya, wateja wakajaa, na simu ikawa inalialia ndani ya mfuko wa aproni. Sikuitoa. Mikono ilikuwa na kazi, na nilijisemea nitayasoma yote jioni kwa pamoja, kama mtu anayejiwekea kiporo.

Saa nane geti likagongwa. Nilifungua na nywele za bandia begani. Watu walikuwa kama thelathini, wanaume kwa wanawake, wamevaa vizuri, wengine na mikoba. Nilidhani ni wateja wa Kisigino, labda wa shule moja au kiwanda kimoja. Nilisema fundi leo kapendwa, karibuni jamani, mlango wa tatu ule. Mwanamke mmoja mnene aliyekuwa anahema kwa jua akaniomba maji. Nilimletea kikombe kilichojaa. Akanywa, akashukuru, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili. Kisha akainama, akavua kiatu chake cha kisigino kirefu, akawafuata wenzake.

Hata hapo sikuelewa.

Kisigino alikuwa ameketi kwenye kistuli chake, buti limebanwa kati ya magoti, nyundo mkononi na misumari midogo mdomoni. Mafundi viatu ndivyo wanavyofanya kazi, misumari wanaiuma kwa midomo na kuitoa mmojammoja. Kwa hiyo hawezi kuzungumza. Jitu lililotangulia, lenye makovu ya pasi mikononi, likajaza mlango. Lilitazama viatu vilivyopanda mpaka dirishani.

"Hili duka ni lako?" likauliza.

Kisigino akatikisa kichwa kukubali. Angekataaje? Duka ni lake. Akainua kidole kumwomba mgeni asubiri kidogo ateme misumari.

Dobi alimpiga ngumi ya mdomo.

Nilisikia ule mlio nikiwa kwenye kigoda. Misumari mingine ilitoka na damu kifuani, na mmoja ulipenya shavu ukachungulia nje, kichwa chake ndani, ncha yake nje. Kisigino hakulia. Si mtu wa kupigwa akatulia, na hiyo tabia sijui aliitoa wapi kama si kwangu. Alisimama na nyundo, akaishusha kwenye mfupa wa bega la Dobi, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Dobi akaanguka juu ya lundo la viatu, anapiga mayowe kwamba mwizi anaua.

Baada ya hapo hakukuwa na mtu mmojammoja tena. Waliingia wote kwenye kile chumba cha mtu mmoja, wakamtoa kwa miguu. Kichwa chake kiligonga kizingiti, kikagonga saruji. Walimpiga kwa buti alizokuwa anazishona. Walimpiga kwa vibao vya kuumbia viatu, kwa kistuli chake, mpaka mguu wa kistuli ukabaki peke yake mkononi mwa mtu na yeye akaendelea nao huohuo. Yule mwanamke niliyempa maji alipiga kwa ncha ya kisigino, akipiga anataja wanawe, huyu na huyu, kandambili, huyu na huyu, kandambili. Wateja wangu walikimbia. Karani wa benki alitoka getini nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Wapangaji walijifungia. Wanawake wenzangu wa ile nyumba, niliowapikia, niliowasukia watoto bure, nilisikia makomeo yao yakishuka, moja baada ya jingine.

Nilipiga kelele kwamba ni fundi, ni fundi tu, muulizeni mtu yeyote. Mzee mmoja mwembamba mwenye miwani akanisukuma kando kwa upole kabisa, akasema mama, tuna ushahidi. Akainua simu yake na kusoma kwa sauti ya darasani, ili kila mtu awe na hakika:

"Shuka kituo cha mafuta, fuata ukuta mrefu mpaka mwisho, geti la bluu lenye tundu."

Aliendelea mpaka kwenye yale maneno, mwenyewe yupo siku zote, na alipotamka mwenyewe akamnyooshea kidole Kisigino, aliyekuwa kifudifudi kwenye maji machafu ya kufulia. Ndipo nikawajua. Nikamjua Mwalimu kwa vituo vyake, nikamjua Mama Pacha, nikalijua lile jitu lililoshika bega. Watu niliocheka nao wiki nzima. Walikuwa wamejaa uani kwangu.

Dobi, uso umekuwa wa majivu kwa maumivu, akasema wasimmalize haraka.

"Vidole kwanza," akasema. "Si Msusi alisema vidole?"

Na watu walicheka. Walimkumbuka Msusi, wakacheka. Wawili wakamkalia Kisigino mgongoni, mmoja akamnyoosha mkono wa kulia juu ya kizingiti cha chumba chake mwenyewe, na mwingine akaiokota nyundo.

Sitadanganya kwamba nilikimbia. Nilisimama. Nilikuwa na fungu la nywele mkononi na akili yangu ilikuwa inafanya hesabu: nikisema Msusi ni mimi, na maelekezo ni yangu, hawa watu watanigeukia. Ni pumzi moja tu niliyoivuta nikihesabu. Katika pumzi hiyo nyundo ilishuka. Kidole cha kati kilipasuka kama muwa. Kisigino aliita. Kwa mdomo ule uliojaa damu aliita Shem, mara mbili, na mara ya pili nyundo ikashuka tena.

Nikajirusha. Nilimng'ata aliyeshika nyundo kwenye kiwiko mpaka nikaonja chumvi. Nikapiga kelele kwamba Msusi ni mimi, maelekezo ni yangu, huyu ni shemeji yangu, hakuna duka la mtandaoni hapa. Mtu akanishika nywele akanivuta nyuma. Dobi akasema kumbe ni genge, mke na mume, na hilo neno la genge likapita kati yao kama moto kwenye majani makavu. Nilipigwa kofi, nikapigwa teke la mbavu. Mama Pacha alinipiga kiatu juu ya jicho, na nilipomwambia mama, maji yangu hayajashuka hata tumboni kwako, alinipiga tena palepale. Walinishikilia. Yule wa nyundo alijifuta damu ya kiwiko, akarudi kizingitini. Safari hii aliutazama mkono, kisha akakitazama kichwa.

Nilimwambia Mwalimu aangalie barua imetoka kwa nani, amwangalie na Msusi, ni anwani moja. Akasema yeyote anaweza kudai hivyo. Hesabu yake ilitaka uthibitisho.

Mkono wangu mmoja ulikuwa huru. Niliutia kwenye aproni, nikatoa simu. Kioo kilikuwa na damu na mafuta, kidole kinateleza, herufi zinakataa. Niliandika neno moja, nimimi, limeungana hivyohivyo, na nikabonyeza pale nilipozoea.

Kwanza haikutokea kitu. Nyundo ikapanda. Kisha simu ya Mwalimu ikalia mkononi mwake. Ikalia ya Mama Pacha ndani ya mkoba. Ikalia mfukoni mwa aliyemkalia Kisigino mgongoni, ikatetemeka ya Dobi chini kwenye saruji, na ua wote ukaanza kulia, huku na huku, milio thelathini ya kila namna, ya kengele, ya ndege, ya muziki, kwa wakati mmoja. Nyundo ilibaki hewani. Watu walitazama simu zao. Walisoma. Wakanitazama mimi, kisha wakamtazama aliye chini.

Hakuna aliyeomba radhi. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Aliyekuwa mgongoni akashuka polepole kama mtu anayeshuka kitandani asimwamshe mwenzake. Nyundo ikawekwa chini, haikutupwa. Walianza kutoka, na getini wakasukumana. Wengine walipita kwanza mlango wa tatu na kujichukulia jozi, wakiangalia namba chini ya soli. Mama Pacha alichukua viatu viwili vidogo vyeusi, havikuwa hata vya jozi moja.

Hospitali walimkata vidole viwili vya mkono wa kulia, na cha tatu wakasema hakitakunja. Jicho lake moja, lililochomwa na ncha ya kisigino, walilinusuru. Mume wangu nilimweleza kwa simu nusu ya kwanza ya habari, ile ya watu kuingia na kupiga. Nusu ya pili sikuwa na ulimi wa kuisema.

Kisigino akiwa bado wodini, siku ya nne, mpanda pikipiki alipita geti la bluu bila kugonga, akaenda moja kwa moja mpaka mlango wa tatu, akaweka boksi. Aliniambia maelekezo yalikuwa mazuri sana, hakupotea hata kidogo. Viatu vilikuwa vyeupe, soli nene. Vilinitosha.

Kisigino alirudi nyumbani siku ya tisa, mkono umefungwa bandeji mpaka ukawa kama bumunda. Hakwenda kulala. Alikaa sakafuni chumbani kwake, mbele ya viatu vilivyosalia. Watu walikuwa wameshakuja kuulizia vyao, na wengine walinitukana getini. Yeye aliniuliza nani na nani, nikamtajia, na kwa kila jina alitazama pahali fulani kwenye lundo ambapo sasa hapakuwa na kitu. Nilimlisha uji kwa kijiko. Shavu lilikuwa na shimo bado, uji ukapenya kidogo, nikamfuta.

Alipomaliza bakuli alisema, "Yule dobi aliandika anapokaa."

Nilijibu kwamba aliandika kibanda, kukaa sijui.

"Nipe."

Nilimwambia atapona, kwanza apone. Nilimwambia yule mtu bega limevunjika, pasi haishiki tena, naye kapata lake. Nilimwambia akienda ataua au atauawa, na kaka yake nitamwambia nini. Yote hayo niliyasema nikiwa nimeishika simu kwenye aproni, kama mtu anayemziba mtoto macho. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sauti yake haikupanda.

"Yangu uliitoa bila kuombwa, Shem. Hiyo nakuomba."

Nilitoa simu, nikaiweka sakafuni kati yetu, anione. Nikaanza kufuta zile barua. Zilikuwa mamia, na mimi sijui njia ya kuzifuta kwa pamoja, kwa hiyo nilifuta mojamoja: Mwalimu na asilimia zake, Mama Pacha na kandambili, Msusi na vichekesho. Ile ya vidole niliifuta akiwa anaisoma. Ilipofika ya bati jekundu aliinama mbele, midomo ikaanza kuchezacheza kushika maneno, na mimi nikaibonyeza haijamaliza kupita machoni mwake.

Alinipiga. Ngumi ya uso, kwa nguvu zote, na kwa mkono uleule wa bandeji, maana mwili ulikuwa bado haujazoea kwamba mkono huo umekwisha. Nilianguka kwenye viatu. Yeye akatoa mlio ambao sikuwahi kuusikia hata siku ya nyundo, akaubana mkono kifuani, akajikunja, bandeji inaanza kubadilika rangi. Alilia kwa sauti, kwa kwikwi, na ua mzima ulisikia, na hakuna komeo lililofunguliwa.

Miaka yote, akilia hivyo nilimpakata. Niliketi palepale kwenye viatu, damu inanitiririka puani. Sikumgusa.